Haina ftaleti, sawa. Ina nini?

Dada yangu alimnunulia mwanawe bata wa plastiki wa kuchezea kwenye beseni la kuogea. Bata wa manjano, laini, ukimbinya analia. Kwenye boksi kulikuwa na duara la kijani lenye picha ya jani, na pembeni yake maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba bidhaa hii haina ftaleti. Dada akanitumia picha kwa WhatsApp: "We si unasoma kemia? Hii ni nzuri au wananipiga?"

Nikaanza kuandika jibu la mstari mmoja. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, na samahani dada, imekuwa ndefu.

Kwa kawaida hapa tunachambua kitabu, filamu au utafiti mpya. Leo nachambua yale maneno ya kwenye boksi, kwa sababu yanasomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote cha kemia nilichowahi kushika. Msimamo wangu nausema mapema: mara nyingi maneno hayo ni ya kweli, na bado hayajibu swali alilouliza dada. Yanakwambia kilichotolewa. Kilichowekwa badala yake yanakaa kimya.

Ili tuelewane, tuanze na chapati.

PVC peke yake ni ngumu. Yale mabomba ya maji yanayopita ukutani ni PVC. Lakini mpira wa kumwagilia bustani nao ni PVC mara nyingi, na kitambaa cha meza cha plastiki chenye maua, na ganda la waya wa umeme, na mrija wa dripu. Inakuwaje kitu kimoja kiwe bomba na kiwe mrija? PVC ni minyororo mirefu ya kaboni yenye atomi za klorini pembeni, na minyororo hiyo inavutana kweli kweli. Ukiingiza katikati yake molekuli ndogo zenye tabia ya mafuta, minyororo inapata nafasi ya kuteleza, na plastiki inalainika. Molekuli hizo nitaziita vilainishi. Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani, ndiye aliyepata PVC laini ya namna hii mwaka 1926. Na usidhani kilainishi kinawekwa kidogo kama chumvi kwenye mboga. Katika mfuko wa kuhifadhia damu, kwa mfano, kilainishi ni kama asilimia 30 hadi 40 ya uzito wa plastiki yenyewe.

Sasa chapati. Mafuta ndiyo yanayoifanya iwe laini na tabaka zake ziachiane. Lakini ifunge kwenye gazeti, kesho utakuta gazeti lina doa. Mafuta hayakufungwa na unga kwa kifungo cha kikemia, yalikaa tu humo, na yakipata pa kwenda yanaenda. Kilainishi ndani ya PVC ni vivyo hivyo. Kwenye maji matupu kinatoka polepole sana. Kwenye kitu chenye mafuta kinatoka haraka zaidi, na damu na maziwa vina mafuta. Ndiyo maana maelekezo ya paklitakseli, dawa ya saratani ambayo aina yake moja huyeyushwa katika kimiminika kilichotengenezwa kutokana na mafuta ya nyonyo, yanaonya isipitishwe kwenye mifuko na mirija ya PVC iliyolainishwa. Kile kimiminika kinachomoa kilainishi na kukiingiza mwilini pamoja na dawa.

(Kabla hujaniuliza: ile harufu kali ya kitambaa kipya cha meza si ftaleti. Ftaleti zinazotumika sana karibu hazina harufu. Kwa hiyo pua yako haiwezi kukupimia hili, iwe inanusa au hainusi kitu.)

Kilainishi kilichotawala kwa miongo mingi kinaitwa DEHP, nacho ni mmoja wa ukoo wa ftaleti. Shida yake iliyothibitika vizuri maabara ni hii: ukimpa panya mwenye mimba, vijusi vya kiume vinatengeneza testosteroni pungufu, na wanazaliwa na kasoro kwenye viungo vya uzazi. Kwa binadamu ushahidi ni mgumu zaidi kuupata, maana hakuna atakayempa mjamzito DEHP ili aone kitakachotokea. Lakini yaliyojulikana yalitosha. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia ftaleti kwenye midoli ya watoto wadogo mwaka 1999 kwa amri ya muda, ukaifanya ya kudumu mwaka 2005: isizidi asilimia 0.1 ya uzito wa plastiki. Marekani ikafuata kwa sheria ya mwaka 2008. Lile duara la kijani kwenye boksi la bata lilizaliwa hapo.

Haya, sasa tuyasome yale maneno.

La kwanza linalonikera ni jina lenyewe. Ftaleti ni pete ya kaboni sita yenye mikono miwili iliyoshikwa kwenye kaboni mbili jirani. Ukiutoa mkono mmoja ukaupeleka upande wa pili wa pete, mikono ikawa inatazamana, unapata tereftaleti. Chukua DEHP uifanyie hivyo, utapata kitu kinachoitwa DEHT. Atomi ni zilezile, idadi ileile, uzito uleule. Kwenye boksi, DEHT inahesabiwa kuwa "haina ftaleti".

Nilipojua hili, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nilijua tumepigwa. Nikawaambia wenzangu bwenini kwa sauti ya mtu aliyegundua ufisadi. Nilikosea. Mwili unapoipata DEHP unakata mkono mmoja tu kwa haraka, na kipande kinachobaki ndicho chenye madhara. DEHT inakatwa mikono yote miwili kwa sehemu kubwa, na ilipopimwa kwa panya haikuvuruga vijusi vya kiume kama DEHP. Mkao wa mkono mmoja ulibadilisha hadithi yote. Ona basi ubovu wa lebo hii: hapa ilikuwa na habari nzuri kabisa ya kusimulia, ikaificha. Badala ya kusema "tumetumia DEHT, imepimwa hivi na hivi", ikasema jina la yule asiyekuwepo.

La pili ni zito zaidi. Anapotolewa mmoja kwa sababu jina lake limechafuka, anayeingia mara nyingi ni ndugu yake ambaye jina lake halijachafuka bado. DEHP ilipoanza kusemwa vibaya, watengenezaji wengi wa midoli walihamia DINP. DINP nayo ni ftaleti, ila ina mikia mirefu zaidi. Ulaya ikaizuia mwaka 2005 kwenye midoli inayoweza kuingia mdomoni, na Marekani ikaifungia kabisa kwenye midoli ya watoto kwa kanuni iliyopitishwa mwaka 2017. Mwaka 2002 BASF ya Ujerumani ilikuwa tayari imeleta DINCH. Unaipataje DINCH? Unachukua DINP, unaijaza pete yake hidrojeni. Pete haiko tena ya aina ileile, kwa hiyo jina la ftaleti limeondoka kihalali.

Wajerumani wana hazina moja ninayowaonea wivu: benki ya sampuli za mazingira, ambako mikojo ya vijana huhifadhiwa kwenye baridi kali mwaka hadi mwaka, ili ukija na swali jipya uweze kurudi nyuma. Watafiti walikwenda kutafuta mabaki ya DINCH humo. Katika mikojo ya mwaka 1999 hayakuwepo. Katika ile ya mwaka 2012 yalikutwa kwa karibu kila mtu. Miaka kumi tu tangu bidhaa iingie sokoni.

Usiogope haraka. Kukuta kitu kwenye mkojo si sawa na kukuta ugonjwa. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, EFSA, imeweka kiwango kinachovumilika cha DINCH kuwa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Cha DEHP na wenzake watatu, kwa pamoja, ni miligramu 0.05. Yaani mara 20. Mtoto wa kilo 10 anavumilia hadi miligramu 10 za DINCH, lakini nusu miligramu tu ya hao wengine. Kwangu mimi hiyo ni hoja nzuri ya kuipendelea DINCH, na ningefurahi kuiona kwenye boksi badala ya picha ya jani. Lakini angalia namba hiyo imetoka wapi: imetoka kwa kuitaja dutu kwa jina lake na kuipima. Huwezi kuipata kwa kusema dutu nyingine haipo.

Hadi hapa tunazungumzia bata. Bata hata akiwa mgumu kidogo, au akikosekana, mtoto ataoga. Kuna mahali ambapo kubadilisha kilainishi kunaweza kuua mtu au kumwokoa, na hapo ndipo maneno ya kwenye boksi yanaishiwa nguvu kabisa.

Hospitalini bado tunasema "chupa ya damu", ingawa chupa ziliondoka zamani. Carl Walter, daktari wa upasuaji wa Boston, na mwenzake walileta mfuko wa plastiki karibu na mwaka 1950, na ulikuwa ukombozi: hauvunjiki, unakunjika, unaweza kuutenganisha kwenye mifuko midogo ya chembe nyekundu, utegili na chembe sahani bila hewa kuingia. Mwaka 1970 watafiti wa Johns Hopkins wakaripoti kwamba kilainishi kimo ndani ya damu iliyohifadhiwa humo. Ungetegemea hadithi iishie hapo: sumu imevuja, ondoa sumu.

Kumbe DEHP inayovuja inaingia kwenye utando wa chembe nyekundu na kuuimarisha. Chembe zilizokaa kwenye mfuko wenye DEHP hupasuka kidogo kuliko zilizokaa kwenye plastiki isiyo nayo. Na kupasuka si jambo dogo: Ulaya hairuhusu chembe zilizopasuka zizidi asilimia 0.8 siku ya mwisho ya kuhifadhi, Marekani asilimia 1. Kilainishi kilichowekwa ili plastiki ikunjike kilikuwa kinafanya kazi ya pili ambayo hakuna aliyemtuma. Ukikitoa, kazi zote mbili zinabaki bila mtu.

Mbadala wapo. Kimoja cha jamii ya sitrati, kiitwacho BTHC, kimetumika kwenye mifuko ya damu kwa miaka mingi na kinailinda chembe vizuri. DINCH inailinda kidogo zaidi ya hapana, ukiitumia na mchanganyiko wa kawaida wa kuhifadhia. Lakini ukibadilisha na mchanganyiko wenyewe, ukatumia ule uitwao PAGGSM, matokeo yanarudi ndani ya mpaka. Umeona kilichotokea? Hatubadilishi tena kilainishi. Tunabadilisha mfuko, maji yake, vipimo vyake na usajili wake. Ndiyo maana Ulaya, ambayo haina huruma na DEHP kwenye midoli, imesogeza mwisho wake kwenye vifaa tiba hadi tarehe 1 Julai 2030. California nayo ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuiondoa kwenye mifuko ya dripu kuanzia 2030 na kwenye mirija kuanzia 2035, lakini mifuko ya damu ikaiacha nje ya sheria hiyo.

Hebu sasa tulete swali hilo nyumbani. Mfuko wenye mchanganyiko wa CPDA-1 huhifadhi damu hadi siku 35. Tuseme mbadala unaletwa kwetu kwa bei ya juu, au unapunguza wiki moja kwenye siku hizo. Kwenye benki ya damu yenye majokofu yaliyojaa, wiki moja ni usumbufu wa hesabu. Kwenye hospitali ya wilaya inayosubiri gari lilete damu, wiki moja ni mfuko unaotupwa siku mbili kabla mama aliyejifungua hajaanza kuvuja damu. Mama huyo anahitaji damu usiku huohuo, na kiasi cha DEHP kitakachoingia naye mara hiyo moja hakifanani hata kidogo na hatari iliyo mbele yake.

Vuka korido uende wodi ya watoto njiti. Mtoto ana kilo moja na kidogo. Ana mrija puani wa kulishia, mrija wa dripu, labda wa hewa, labda anaongezewa damu, vyote kwa pamoja, kwa wiki kadhaa, katika kipindi ambacho mwili wake wa kiume bado unajengwa. Gawanya kiasi kinachovuja kwa uzito huo na hesabu inageuka kabisa. FDA ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka 2002 ikiwataja watoto wachanga wa kiume walio mahututi kuwa miongoni mwa wanaopaswa kupewa vifaa visivyo na DEHP pale vinapopatikana. Na kwa kazi hii vinapatikana: kuna mirija ya kulishia ya silikoni na ya poliyurethani, na kuna PVC iliyolainishwa kwa TOTM, ambayo molekuli yake ni kubwa na haitoki kirahisi.

Dutu moja, hospitali moja, korido moja, majibu mawili. Mimi ningeanza na mirija ya njiti, tena leo, na ningeuacha mfuko wa damu uchukue muda wake hadi mbadala uthibitishe siku zake zote 35. Kuna wenzangu maabara wanaona mpangilio huu ni woga. Tumebishana, chai ikapoa, hatukumaliza.

Nije kwenye lile jani la kijani. Jani linadai kitu cha ziada: kwamba kisicho ftaleti ni cha asili, na cha asili ni salama kwako na kwa dunia. Hapa sitawalaumu wafanyabiashara peke yao, maana sisi watafiti tumewafundisha. Nimesoma makala nyingi za kitaalamu kuhusu vilainishi kutoka mafuta ya soya, nyonyo, mawese, na nyingi zina umbo moja. Utangulizi unasema DEHP ina sumu. Kisha wanachanganya mafuta yao na PVC, wanaivuta mpaka ikatike, wanapima joto inalolainikia, wanaitumbukiza kwenye kiyeyushi kuona inavuja kiasi gani. Halafu hitimisho linasema kilainishi hiki "hakina sumu". Unarudi nyuma kutafuta kipimo cha sumu. Hakuna. Hata seli moja haikupimwa. Neno "hakina sumu" limepatikana kwa sababu mmea ni mmea.

Mtu wa Mtwara hawezi kudanganywa hivyo. Ganda la korosho lina mafuta ambayo watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Salento huko Italia, wameyafanyia kazi kama chanzo cha vilainishi vya PVC. Mimi nalipenda wazo hili kuliko la soya: ganda haliliwi, halinyang'anyi mtu shamba la chakula, na korosho zetu nyingi zinasafirishwa zikiwa ghafi, ganda na kila kitu. Lakini muulize aliyewahi kubangua kwa mikono mafuta hayo yanaifanyaje ngozi. Yanaunguza. Ni ya asili kabisa, na yanaunguza. Ukiyapasha moto asidi yake inabadilika na kuwa kadanoli, na kadanoli nayo haikubaliani vizuri na PVC mpaka uibadilishe tena kikemia. Kwa hiyo kinachoingia kwenye plastiki mwishoni si korosho. Ni dutu mpya, yenye jina jipya, inayohitaji kupimwa kama dutu nyingine yoyote mpya. Natamani tuipime sisi.

Na hata ikifaulu, imelainisha PVC. Klorini bado imo. Mrija uliolainishwa kwa korosho ukitupwa kwenye shimo na kuchomwa nyuma ya zahanati kwa moto hafifu, utatoa gesi ya asidi na dioksini kama mwenzake wa DEHP. Jani la kwenye boksi halifiki huko shimoni.

Turudi kwa bata. Niliomba nimkate kipande kidogo cha chini; mpwa wangu akakubali kwa masharti ya pipi. Waya wa shaba uliopashwa moto na kuguswa kwenye plastiki ukatoa mwali wa kijani, dalili ya klorini, kwa hiyo huenda kweli ni PVC. (Usijaribu jikoni, moshi wake ni mbaya.) Kujua kilainishi kunahitaji mashine nyingine, na foleni ya mashine hiyo kwetu haina tofauti na ya daladala saa kumi na mbili jioni.

Nikaona njia fupi ni kuuliza. Nikawaandikia watengenezaji barua pepe: bata wenu amelainishwa kwa nini? Baada ya siku nne wakajibu kwa adabu sana, wakinihakikishia kwamba bidhaa zao zote hazina ftaleti.

Nikaandika tena, safari hii nikiomba namba ya CAS tu, ile namba ambayo kila dutu inayo moja na haigeuki kwa lugha wala kwa picha ya jani. Nikawarahisishia: ikiwa ni DEHT ni 6422-86-2, ikiwa ni DINCH ni 166412-78-8, ikiwa ni nyingine waandike yao. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Dada ameuliza tena leo asubuhi, nimemwambia mtoto aendelee kuoga naye lakini asimtafune.